Papa Leo, papa wa leo na ushahidi wa sikio

Muuza samaki wangu ana ubao mdogo mweusi anaouegemeza kwenye ndoo ya barafu, na kila asubuhi huandika kwa chaki alichopata. Jumamosi ya Mei 10, 2025 ubao ulisomeka hivi, kwa herufi kubwa tupu: PAPA LEO. NGURU KESHO. Hakuwa na habari kwamba siku mbili kabla, Kardinali Robert Francis Prevost, mzaliwa wa Chicago, alikuwa amejitokeza kwenye roshani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro akiwa na jina jipya la Leo wa Kumi na Nne. Wapita njia wenye simu walikuwa na habari hiyo. Kufikia adhuhuri ubao ulikuwa umepigwa picha kuliko samaki wenyewe, na tangu hapo mzaha wa "papa leo" umekataa kufa. Kila Papa anapotoa waraka au kutajwa kwenye taarifa ya habari, kuna mtu mahali fulani anauliza kilo ni shilingi ngapi.

Mzaha sina ugomvi nao. Nina ugomvi na mambo mawili mazito yaliyojengwa juu yake na watu wasiotania. Kundi la kwanza linasema Kiswahili kimeaibika: neno la samaki (tena lenye maana nyingine ya vijiweni ambayo siwezi kuiandika hapa) halimfai kiongozi wa dini, kwa hiyo "Papa" lifutwe na libaki "Baba Mtakatifu" peke yake. Kundi la pili linasema hakuna kitu kinachotokea kwa bahati: papa ni baba, leo kwa Kilatini ni simba, Mchina naye humwita babake baba, Mturuki vilevile, Myoruba vilevile, basi lugha zote zimetoka shina moja na anayekataa amefungwa macho. Nimeshuhudia hoja hii ya pili ikipigiwa makofi na watu wenye shahada. Kwa maoni yangu makundi yote mawili yamekosea kwa sababu moja: yameligeuza sikio kuwa shahidi. Maneno kufanana sauti hakuthibitishi undugu, hakuthibitishi wizi, na wala si aibu. Asili ya neno hutafutwa kwa ndugu zake na kwa njia lililopita, na tukiyafuata haya manne, papa wawili na leo wawili, tutaona walikutana kwenye ubao ule kama abiria wanne wasiojuana waliopanda daladala moja.

Tuanze na Papa wa Roma, maana historia yake imeandikwa vizuri. Kilatini kilimchukua kwa Wagiriki, ambao kwao pappas lilikuwa neno la kitoto la kumwita baba. Lilikuwa neno la nyumbani kabla hayajatokea makanisa ya kulipandisha cheo, na cheo chenyewe hakikuanzia Roma. Askofu wa kwanza tunayemjua kwa maandishi kuitwa hivyo ni Herakla wa Aleksandria, Misri, katika karne ya 3. Karne hiyohiyo makleri wa Roma walipomwandikia Sipriani, askofu wa Karthago, katika nchi ambayo sasa ni Tunisia, walimwita yeye papa. Yaani Waroma walikuwa wakimpa Mwafrika cheo ambacho baadaye wangekizuia kisitumiwe na mwingine yeyote. Wakopti wa Misri hawakukiachia: Papa wao wa sasa, Tawadros wa Pili, yuko kwenye kiti tangu Novemba 2012. Upande wa magharibi ndiko neno lilikofinywa polepole hadi likabaki la mtu mmoja, na Gregori wa Saba alilipigilia msumari mwaka 1075 alipoorodhesha haki za kiti chake, mojawapo ikiwa kwamba jina hilo ni la pekee duniani. Mashariki lilikwenda njia yake. Kwa Wagiriki wa leo papas ni padri yeyote wa parokia, na kwa Waturuki papaz ni padri na vilevile ni mfalme kwenye karata. Na wale wanaosambaza kwamba PAPA ni kifupi cha maneno ya Kilatini kuhusu mamlaka ya Mtume Petro wangejiuliza jambo moja tu: mtoto wa Kigiriki aliyemwita babake pappas miaka mingi kabla ya Petro alikuwa anafupisha nini?

Papa wa pili ni wetu wa mwambao, na sidhani anahitaji utambulisho. Mwenye pua amemfahamu tangu utotoni kwa ng'onda inayoning'inia dukani, na aliyekula mchuzi wake wa nazi anajua kwa nini harufu ile husamehewa. Neno hili nalo halikutulia majini. Mwaka 2009 siasa za Tanzania zilituzalia "fisadi papa", na muda si muda akajibiwa na "fisadi nyangumi", na tangu hapo papa ni kila mkubwa anayekula wadogo. Kisarufi, katika umoja, samaki huyu na yule wa Vatikani hawatofautiani hata kidogo: papa amefika, papa huyu, papa yule. Mhispania ana bahati, nomino zake zina jinsia za kumsaidia. Sisi ngeli yetu ya viumbe hai imewaweka kiti kimoja.

Sasa leo. Hapa ndipo ninapopenda zaidi, kwa sababu hapa ndipo bahati ilipofanya kazi ya ziada. Leo ya Kilatini ni simba, kutoka Kigiriki leon, na hata Kilatini chenyewe hulitamka leo pale tu neno linapokuwa mtendaji wa sentensi. Likihama nafasi linakuwa leonem, leonis, na kadhalika. Lugha zilizozaliwa na Kilatini zilirithi umbo refu. Ndiyo maana Mwitaliano anasema Papa Leone, Mhispania León, Mfaransa Léon. Kanisa letu lilichukua umbo fupi la Kilatini, kama Waingereza walivyofanya. Tungefuata Kiitaliano tungekuwa na Papa Leone, na muuza samaki wangu angeandika ubao wake kwa amani. Na leo ya Kiswahili? Yenyewe haikuzaliwa hivyo. Mganda anasema leero. Mbemba anasema lelo, msema Lingala anasema lelo, na Mchewa lero. Kiswahili kina tabia ya kuimeza l iliyoko kati ya irabu: Mganda ana enjala, sisi njaa, yeye anasema okuzaala, sisi kuzaa. Kwa hiyo leo yetu ni lelo iliyopoteza l ya katikati. Kama kiti cha Petro kingempata Leo huyu kabla Waswahili hawajaimeza l ile, mzaha huu usingekuwapo. Leo wa Kumi na Tatu, aliyeanza kazi Februari 1878, miezi michache kabla Mapadri Weupe hawajaondoka Bagamoyo na msafara wao wa kwanza kwenda bara, alikuta l imeshamezwa. Ila wakati ule hapakuwa na WhatsApp.

Upande wa Peru kuna sura nyingine ya kisa hiki ambayo huku kwetu imepita bila kuonekana. Prevost alifanya kazi Peru kwa miaka mingi, akachukua uraia wa nchi hiyo mwaka 2015, na siku ile pale roshani aliacha Kiitaliano kwa muda mfupi akawasalimu kwa Kihispania watu wa jimbo lake la zamani, Chiclayo. Kwa watu hao papa ni kiazi mviringo. Neno ni la Kikechua, lugha ya milimani Andes, ambako kiazi kilianza kulimwa miaka elfu kadhaa iliyopita na ambako aina zake zinahesabiwa kwa maelfu. Mhispania alilichukua neno pamoja na zao. Hivyo Mperu anaye el papa, mkuu wa Kanisa; ana la papa, kiazi; na akiweka mkazo mwishoni, papá, ana baba mzazi. Mei hiyohiyo, tarehe 30, nchi nzima huadhimisha siku ya papa, yaani ya kiazi. Lima kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa viazi kilichoanzishwa mwaka 1971, kinaitwa Centro Internacional de la Papa, na kina ofisi Nairobi. Ukitafsiri jina hilo kwa sikio la Kiswahili unapata kituo cha kimataifa cha papa, ukabaki kujiuliza kwa nini wataalamu wake wanahangaika na mashamba ya viazi vitamu badala ya kwenda Lamu.

Hispania yenyewe husema patata, na kuna hadithi inayopendwa sana kwamba Wahispania walikwepa kusema papa kwa heshima ya Baba Mtakatifu. Nimeiona hadithi hii ikitumiwa na kundi letu la kwanza: mnaona, hata Wakatoliki wenyewe walibadilisha! Haisimami. Visiwa vya Kanari na sehemu kubwa ya Andalusia, Wakatoliki kindakindaki, wanasema papa mpaka leo, na vilevile karibu Amerika ya Kilatini yote inayosema Kihispania, ambako Wakatoliki wamejaa kuliko bara lolote. Kilichotokea ni mchanganyiko. Batata lilikuwa neno la Wataino wa Karibiani kwa kiazi kitamu, likafika Ulaya mapema kuliko kile cha Andes, na kinywani mwa Wahispania batata na papa vikagongana vikazaa patata. Batata yenyewe ilipanda jahazi za Wareno hadi Bahari ya Hindi. Mgujarati hadi leo anasema batata kwa kiazi mviringo, na ukiagiza urojo Unguja ukaulizwa kama unataka mbatata zaidi, unazungumza Kitaino bila kujua. Neno la watu ambao Kolumbasi aliwakuta visiwani mwaka 1492 linachemka kwenye sufuria Forodhani. Lakini hili, tofauti na lile la papa, lina hati za safari. Tunajua nani alilibeba, kwa chombo gani, pamoja na mzigo gani.

Nirudi kwa kundi la pili, kwa sababu hoja yao si ya kijinga na inastahili kujibiwa kwa uzito. Wanasema: sawa, leo na leo ni ajali, papa samaki na papa kiazi ni ajali, lakini baba na papa na mama? Lugha ngapi zisizojuana zinaafikiana hapo! Ni kweli. Mwanaanthropolojia wa Marekani George Murdock alikusanya maneno 1,072 ya baba na mama kutoka lugha za kila pembe ya dunia, na kufanana kwake kulikuwa kukubwa mno kuitwa ajali. Wapo wanaisimu, Merritt Ruhlen akiwa mmojawapo, waliotetea kwamba lugha zote zina mama mmoja na kwamba mabaki ya msamiati wake bado yanaokoteka. Mimi siwezi kuthibitisha kwamba mama huyo hakuwepo. Inawezekana alikuwepo, na inawezekana kabisa aliishi barani kwetu. Ninachopinga ni baba na papa kuitwa mashahidi wa kesi hiyo.

Mwanaisimu Roman Jakobson alilijibu swali hili mwaka 1959 na jibu lake ndilo ninalolikubali. Mtoto mchanga anayeanza kuchezea sauti huanza na zilizo rahisi: anafunga midomo, anaifungua, na irabu inayotoka mdomo ukiwa wazi ni a. Ba, pa, ma. Hamwiti mtu. Ni mzazi aliyeinama juu ya kitanda anayesikia na kusema, kumbe ananiita! Mngurumo wa puani, mmm, mtoto huutoa hata akiwa ananyonya, kwa hiyo mara nyingi ma huangukia mama, na pa au ba humbakia mwingine aliyepo chumbani. Mara nyingi, si kila mara, na zile ambazo mambo yaligeuka ndizo zinazotoa siri. Kwa Wageorgia wa Kaukasi mama ni baba, na mama mzazi ni deda. Kwa Wapitjantjatjara wa jangwa la Australia mama ni baba vilevile, na papa ni mbwa. Kwa Wamaori papa ni ardhi, uwanda ulio tambarare, na Papatuanuku ndiye mama wa viumbe vyote. Kama neno lingekuwa urithi wa babu mmoja, lingerithiwa na maana yake. Huku kila ukoo umejigawia kadiri ulivyopenda.

Kuna ushahidi mwingine ambao kwangu ndio unaofunga mlango. Urithi wa kweli huchakaa, kama lelo ilivyochakaa ikawa leo. Baba kwa Kilatini ni pater, na lugha za ukoo wa Kiingereza na Kijerumani, zilizobadilisha kila p ya mwanzo kuwa f, zina father na Vater (hiyo V husomwa f). Huo ndio undugu: maneno hayafanani sana, lakini tofauti yake ina kanuni, na kanuni ileile inajirudia kwenye maneno mengine mamia. Mbona basi Mwingereza hasemi fafa? Kwa sababu papa hakulirithi. Kila kizazi cha watoto hulitengeneza upya. Wajapani wanaonyesha hata vizuri zaidi. Kijapani cha kale kilikuwa na papa kwa maana ya mama, p yao ikalegea ikawa f, kisha h, na mama leo ni haha. Halafu, nafasi ikiwa wazi, wakaazima papa kutoka Ulaya kwa maana ya baba. Neno moja lilikwenda zake likiwa mama na likarudi likiwa baba. Ukitaka kujua kama maneno mawili yaliyo mbali ni ndugu, kufanana kupita kiasi kukutie shaka kabla ya kukufurahisha.

Lakini naona nimerahisisha, kwa maana sisi watu wa bahari tuna sababu ya kushuku kila tunapolisikia neno letu ng'ambo. Mara nyingi tuko sahihi: gari lilitoka India, leso ni la Wareno, simu ni waya wa Kiajemi. Ndiyo maana kesi ngumu kuliko zote si papa bali simba. Kisanskriti kinamwita mfalme huyu simha. Singapore maana yake ni mji wa simba, na kila Singh ni simba. Sauti inakaribiana, maana ni moja, na jahazi zilikuwa zinapishana kati ya pande hizi mbili kwa zaidi ya miaka elfu moja. Ungekuwa hakimu ungetoa hukumu bila kutoka kwenda kunywa chai: Waswahili waliazima simba India. Na ungekosea. Nenda bara, mbali na forodha, nenda mpaka kusini mwa Afrika. Mzulu ana insimba na Mtsonga ana nsimba, naye si simba kamwe. Ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoa anayeiba kuku usiku. Neno ni la Wabantu tangu kale, lilikuwa la jamii ya paka mwitu, na sisi tukalipandisha hadhi hadi kwa mkubwa wao. Hakuna Mhindi aliyelipeleka porini Zululand. Simba wa Kihindi aliingia Kiswahilini kweli, ila kwa mlango mwingine ambao hakuna anayeutazama: yumo ndani ya neno Kalasinga, jina tunalowaita Masingasinga waliokuja kujenga reli na kufungua gereji. Aliyefanana na wetu hakuwa wetu, na aliyekuwa wa kigeni alikuwa amevaa kilemba mbele yetu muda wote.

Nimelikalia suala la simba kwa sababu kosa lile, la sikio kuhukumu bila kwenda bara, limetugharimu huko nyuma. Kwa miongo mingi Kiswahili kiliambiwa ni mtoto wa Kiarabu kwa ushahidi wa maneno yanayofanana. Ni kweli tuliazima, na sana: sita, saba na tisa ni za Kiarabu, nani atabisha. Lakini watu wakazoea hata kusema baba ni la Kiajemi kwa kuwa Waajemi nao wana baba, bila kuuliza Mshona aliye Harare na Mzulu aliye Durban walilipata kwa Mwajemi yupi. Leo upepo umegeuka, na wale waliokuwa wakituambia kila neno letu ni la wengine wamepokewa na wanaosema kila neno la wengine ni letu. Fahari imebadilika, mbinu ni ileile. Anayesema Wachina walipata baba kwetu na aliyesema sisi tulilipata Uajemi wamekaa darasa moja. Kamusi zetu hazitusaidii vya kutosha hapa. Nyingi hubandika vifupisho vya Kiarabu, Kihindi au Kireno pembeni mwa neno na kuishia hapo, na neno lisilo na kibandiko huachwa bila kuonyeshwa jamaa zake wa Kiganda, Kibemba au Kizulu. Msomaji anajifunza kwamba asili ni kitu cha maneno ya kigeni tu. BAKITA na BAKIZA, mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania na Zanzibar, wakitaka kazi ya miaka kumi ijayo, wawatafute vijana wanaosoma isimu za lugha zetu za bara wawape hii.

Na wale wa kundi la kwanza, wenye haya? Naielewa haya yao. Maana ile ya vijiweni inamsumbua mhubiri yeyote mwenye vijana kanisani. Lakini lugha isiyokuwa na maneno yanayogongana haipo, na sisi tunaishi nayo bila jasho. Kaa ni wa pwani, kaa ni la moto, na kaa ni kitako. Tunapaa samaki, ndege inapaa, paa la nyumba linavuja, na paa anakimbia porini. Kumeza dawa ni Kibantu na meza ulipoiweka ni ya Wareno, na hakuna mgonjwa aliyewahi kumeza ubao. Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Tanzania Septemba 1990, umati uliojitokeza barabarani haukuja na ndoana. Matangazo ya Kiswahili ya Vatikani yenyewe hutumia Papa na Baba Mtakatifu kwa kupokezana, na huo ndio utaratibu wenye akili: moja ni cheo, jingine ni heshima, na mwandishi anahitaji yote mawili ili asijirudie. Congo, ambako Kifaransa kimewaachia papa kwa maana ya baba, kila mzee mwenye heshima zake ni papa, na walipompokea Fransisko Kinshasa mwaka 2023 neno lilitumika kwa mgeni na kwa madereva waliomwendesha. Hakuna aliyepungukiwa.

Mahali pekee ninapokubali kuna tatizo ni redioni. Gazetini herufi kubwa inafanya kazi yake, na programu za tafsiri zinaweza kufundishwa kuitazama. Redio haina herufi kubwa. Msomaji wa habari anayeletewa sentensi "Papa Leo leo amewataka viongozi wa dunia" amewekewa mtego, na nimemsikia mmoja akiuingia, akakwama kwenye leo ya pili kama kaseti ya zamani, akacheka hewani. Dawa iko kwa mhariri. Kutajwa kwa kwanza kuwe kirefu, Papa Leo wa Kumi na Nne, na baada ya hapo Baba Mtakatifu. Siku isemwe kwa saa yake, asubuhi hii, mchana huu, usiku huu. Haigharimu kitu.

Nilimweleza muuza samaki habari hizi zote, za Wagiriki na Wakechua na l iliyomezwa, akiwa anamkata papa vipande. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza kama nitachukua kilo moja au mbili, kisha akafuta ubao kwa kiganja, na kwa kuwa papa alikuwa amebaki kichwa tu, akaandika: NGURU LEO.